Kunasa na Kuhariri Sauti za Albamu ya Majaribio ukiwa Mikindani, Mtwara

Kwa maoni yangu, fedha ya mwanzo ya albamu ya muziki wa majaribio, yaani unaotungwa kwa sauti za vitu vya kawaida, itumike katika kunasa sauti, kwa kuwa programu ya kuhariri, Audacity, hupatikana bure.

Hatua ya kwanza ni kupata kisahani cha piezo chenye kipenyo cha milimita 27, kama kile kinachotoa mlio ndani ya vichezeo na kengele. Mwombe fundi redio akiunganishe kwa lehemu na waya wa maikrofoni, kisha kifunikwe kwa utepe wa umeme. Kisahani hiki hunasa mtetemo wa kitu chenyewe, si sauti ya hewani, kwa hiyo hubanwa juu ya kitu hicho.

Hatua ya pili huwasumbua wengi. Kisahani kikichomekwa kwenye tundu la kawaida la maikrofoni, ambalo ukinzani wake wa umeme ni mdogo, besi hupotea na kubaki sauti nyembamba. Kitumie kwenye tundu la gitaa la kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), ambalo ukinzani wake hukaribia megaohm 1.

Hatua ya tatu, ukishapata ruhusa ya nahodha, bana kisahani kwenye mlingoti wa mashua wakati kusi inavuma, unase mikwaruzo ya kamba na mtikisiko wa mbao. Kwa ngoma ya sindimba, ngoma ya Wamakonde, kibane kwenye mti wa ngoma, kwani kikiwekwa kwenye ngozi huibana isitetemeke vizuri. Na malipo ya wapigaji yakubaliwe kabla ya kunasa, jambo ambalo wasanii wa mjini hulisahau mno. Nasa kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24 na kilohezi 96, yaani sampuli 96,000 kwa sekunde, vilele vya sauti vikiishia desibeli -12.

Kilohezi 96 zina sababu. Ukipunguza kasi hadi nusu katika Audacity, sauti hushuka oktavu moja na urefu wake huwa maradufu. Rekodi ya kilohezi 48, ambayo masafa yake ya juu kabisa ni nusu ya hapo, kilohezi 24, hubaki na 12 tu na kusikika butu. Baada ya hapo jaribu Paulstretch, zana iliyomo ndani ya Audacity inayorefusha sauti bila kuishusha, ukianza na mara 8. Mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyetunga kwa sauti za treni mwaka 1948, alilazimika kutumia santuri.

Mwisho, ondoa masafa yaliyo chini ya hezi 30, kwani mngurumo huo hausikiki kwenye simu lakini hula nafasi ya sauti nyingine, kisha hifadhi nakala ya WAV kabla ya kutoa MP3.