Kuchuja njia za kuongeza uvunaji wa mafuta baharini: anza na maji, programu baadaye

Mpwa wangu anasoma uhandisi wa petroli, mwaka wa nne. Likizo hii alikuja nyumbani Kigoma na mradi wake wa kumalizia chuo: achague njia ya kuvuna mafuta yanayobaki mwambani kwenye eneo la baharini, baada ya kusukuma kwa maji ya kawaida kufika kikomo. Alipomaliza kunisabahi akasema, "Mjomba, polima imeshinda zote." Polima hii ni kemikali ya minyororo mirefu inayotiwa majini yawe mazito, yasukume mafuta vizuri zaidi. Tukakaa barazani siku tatu. Hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1: Mwamba na mafuta

Andika kina, joto, mnato wa mafuta (yaani uzito wake yakimiminika, hupimwa kwa sentipoisi) na upenyezaji wa mwamba. Vigezo vya kuchuja njia hizi vya watafiti Taber na wenzake, vya 1997, vinatosha kuanzia. Kusukuma kwa mvuke kunataka kina kisichozidi mita 1,370 hivi. Polima inataka mnato chini ya sentipoisi 150 na joto chini ya nyuzi 93. Kusukuma kwa gesi ya kaboni dioksidi kunataka mafuta mepesi, mnato chini ya 10. Penseli na karatasi, nusu saa. Programu ya kuiga mwamba usiifungue bado. Nimeona wanafunzi wengi wakiamini grafu zake kabla hawajaijua data yao.

Hatua ya 2: Jukwaa

Nafasi, uzito, umeme, idadi ya visima. Baharini visima ni vichache na viko mbalimbali, kwa hiyo unachosukuma leo huenda ukakiona kisimani baada ya miaka.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo siku mbili zilipoishia, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki nzima hapa kazini.

Mnato wa polima aliokuwa nao ulipimwa kwa maji baridi ya maabara. Alikuwa na sampuli kidogo ya HPAM, aina ya polima inayotumika sana kwa kazi hii, tukaikoroga taratibu kwenye maji ya ziwa kutoka Kibirizi na kuiacha ilale. Asubuhi ilimiminika kama uji mwepesi. Glasi ya pili tuliitia chumvi ya Uvinza, gramu 35 kwa lita, kadiri ya bahari. Ikawa karibu na maji matupu. Na jaribio letu lilikuwa la upole, kwa sababu chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu karibu yote, wakati lita ya maji ya bahari ina pia miligramu 400 hivi za kalsiamu na 1,300 hivi za magnesi. Hizo ndizo zinazoikunja polima zaidi, na mwamba ukiwa wa moto kalsiamu inaweza kuigandisha kabisa. Pima kwa maji yatakayosukumwa, kwa joto la mwamba, baada ya kuyapitisha kwenye vali inayobana, maana vali nayo hukata minyororo ya polima.

Kisha geuza kipimo kuwa mzigo. Mapipa 20,000 ya maji yanayosukumwa kwa siku ni mita za ujazo 3,180. Kwa kilo 1 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 3.2 za polima halisi. Chumvi ikikulazimisha kuweka kilo 2, ni tani 6.4. Ukitumia polima ya majimaji yenye asilimia 30 ya polima halisi (naipenda kuliko unga, maana haihitaji mtambo mkubwa wa kuyeyushia), ni tani 21 kwa siku, tani 636 kwa mwezi. Kwenye reli yetu, ukipakia tani 40 kila behewa, hayo ni mabehewa 16. Baharini yote yanakuja kwa meli, na bahari ikichafuka meli haifungi.

Njia nyingine ni kupunguza chumvi kwenye maji kabla ya kuyasukuma. Kwenye jukwaa la Clair Ridge, magharibi ya visiwa vya Shetland, Uingereza, mtambo wa kupunguza chumvi uliwekwa tangu jukwaa linajengwa, na mafuta yakaanza kutoka 2018. Kuubandika kwenye jukwaa la zamani ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Gesi

Ukitaka kusukuma kwa kaboni dioksidi, uliza kama gesi hiyo ipo palepale. Kwenye eneo la mafuta la Lula huko Brazili (sasa Tupi), mafuta hutoka na kaboni dioksidi, wakaitenga na kuirudisha mwambani. Kama ni ya kuletwa kwa meli, futa njia hiyo kwenye orodha.

Hatua ya 5: Pesa

Kwa riba ya asilimia 10, pipa la mwaka wa saba lina thamani ya nusu ya pipa la leo. Ongeza gharama ya kusafisha maji yanayorudi na polima: Bahari ya Kaskazini kikomo cha mafuta kwenye maji yanayomwagwa ni miligramu 30 kwa lita, na polima hufanya mafuta yagome kutengana. Mpwa wangu hakuwa na mstari huo kwenye jedwali lake. Ameuweka.