Kukosha baa wakati wa masika: kazi kubwa ni kukausha

Mwezi wa nne huku pwani ya mashariki ya Unguja hakuna wageni. Mvua inapiga, hoteli kadhaa za Paje na Jambiani zimefunga, na meneja anakwambia, "Kabla hujaenda kwenu, kosha baa." Mwaka wangu wa kwanza nilikosha kila kitu kikang'aa, nikafunga milango ya mafriji, nikaondoka. Niliporudi, ukungu mweusi ulikuwa umeota hadi kwenye mipira ya milango, na harufu yake sitaisahau. Uchafu niliutoa, maji niliyaacha humo humo.

Tenga siku tatu: mbili za kukosha, moja nzima ya kukausha. Usiibe hiyo ya tatu.

Hatua ya 1: Anzia juu
Kama baa yako imeezekwa makuti, vumbi lake liko juu ya kila kabati. Lifagie kwanza, ndipo uguse kitu kingine. Toa chupa zote. Zile za sharubati zipanguse kwa maji moto, maana sisimizi hawana likizo. Vidomo vya kumiminia viloweke usiku kucha, halafu chupa uzifunge kwa vifuniko vyake vya asili.

Hatua ya 2: Mipira ya bia
Hii ni mipira mirefu inayopitisha bia kutoka kwenye mapipa hadi kwenye koki. Sisi hatuna chumba cha chini ya ardhi; mapipa yanakaa stoo ya baridi nyuma ya kaunta. Fungua mlango wa stoo uache upepo upite kabla hujaingia. Gesi ya kaboni inayosukuma bia ni nzito kuliko hewa. Mtungi ukivuja inatuama chini, huioni, na mtu anaweza kuanguka humo. Funga mtungi, tenganisha mapipa.

Vaa glovu nzito na miwani. Dawa ya mipira ni magadi makali yanayounguza ngozi na macho. Mimina dawa ndani ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye dumu, si cha "tia tu kidogo".

Sukuma maji safi kwanza mpaka bia yote itoke. Kisha pitisha dawa, iache ikae muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Katikati ya muda huo ivute kidogo ili ile iliyochoka itoke na mpya iingie. Halafu suuza, tena kwa wingi. Mimi napima kwa karatasi ya pH, ile inayobadilika rangi kuonyesha kama maji yana asidi au magadi: nachovya moja kwenye maji ya bomba la kawaida, nyingine kwenye maji yanayotoka kwenye mpira wa bia. Zikifanana rangi, dawa imekwisha. Usitafute namba ya 7 kamili (si asidi wala magadi), maana maji yetu ya visima yana chokaa.

Dawa ikiwa imo ndani, usikae bure. Ila koki zisubiri: zifungue baada ya kusuuza, uzisugue kwa mswaki wa zamani, na kila mpira mdogo uliopasuka uutupe. Mwisho sukuma gesi kidogo itoe maji yaliyobaki.

Hatua ya 3: Mashine ya barafu
Hii ndiyo inayosahaulika, eti barafu ni maji tu. Gusa kwa kidole kuta za ndani, utakuta utando wa kuteleza, mara nyingine wa rangi ya waridi. Zima umeme, tupa barafu yote. Gamba la chokaa litoe kwa asidi ya sitriki au dawa aliyoitaja mtengenezaji. Suuza vizuri, ndipo utumie klorini ya kuua vijidudu, kisha suuza tena. Asidi na klorini zisikutane hata kwenye ndoo: hutoa gesi ya sumu. Nina ndoo mbili, nyekundu na ya buluu, kwa ajili ya hilo tu. Funga maji, acha kifuniko wazi.

Hatua ya 4: Mafriji
Chomoa, subiri barafu iyeyuke yenyewe. Kisu cha kuibandulia kimeshatoboa friji nyingi. Sugua mikunjo ya mpira wa mlango, kisha ujaribu kwa noti: fungia noti mlangoni uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka.

Nyuma kuna mapezi ya kandensa, sehemu inayotoa joto la friji nje, yameshikamana vumbi na chumvi ya bahari. Yapige brashi laini kwa urefu wake, kisha yafute kwa kitambara chenye maji baridi. Chuma cha pua usikisugue kwa waya, unaacha vipande vinavyopata kutu. Na klorini isikae juu yake.

Hatua ya 5: Kukausha
Futa kila kitu, washa feni, acha milango wazi mchana kutwa. Ukiondoka, kila mlango wa friji uuwekee kizibo cha chupa ya mvinyo usijifunge. Mikeka ya plastiki ya kuwekea gilasi igeuze juu chini.

Hatua ya 6: Karatasi mlangoni
Mlinzi au fundi akiingia mwezi wa tano akawasha kitu, kazi yako yote imeharibika. Kwa hiyo naandika kwa kalamu nene: tarehe niliyokosha, mtungi wa gesi umefungwa, mipira ya bia haina kitu. Chini yake naongeza maelezo yangu ya siku ya kurudi: pitisha dawa tena, suuza, na barafu ya mwanzo itupwe.