Namna ya Kupima Dai la Mamlaka ya Papa na la Kanisa Moja la Kweli

Mabishano juu ya Papa huharibika mapema, mara nyingi kabla Biblia haijafunguliwa. Madai manne yamefungwa katika furushi moja na kila mtu anavuta pembe yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulifungua furushi. Chukua karatasi, andika kila dai kwenye mstari wake:

1. Kristo alimpa Petro nafasi ambayo hakuwapa mitume wengine.
2. Nafasi hiyo hurithiwa, na mrithi wake ni Askofu wa Roma.
3. Mrithi huyo ana mamlaka juu ya Kanisa lote, na kwa masharti maalumu hawezi kukosea anapofundisha.
4. Kanisa lililo katika umoja naye ndilo Kanisa la Kristo linalotajwa katika Kanuni ya Imani: moja, takatifu, katoliki, la mitume.

Kila dai linaegemea lililotangulia, lakini ushahidi wa la kwanza hauwi ushahidi wa la tatu. Waorthodoksi wengi watakubali la kwanza na kukiri kwamba Roma ilikuwa na heshima ya kwanza kati ya makanisa, kisha wakatae la tatu. Waprotestanti wengi husimama kwenye la kwanza, tena kwa kulipunguza. Muulize unayezungumza naye kamba inakatikia wapi kwake. Bila swali hilo utatumia saa nzima kuthibitisha jambo ambalo hakulikana.

Maandiko: tazama nani anaambiwa

Mafungu makuu ni matatu: Mathayo 16:18-19, Luka 22:31-32 na Yohana 21:15-17. Msomaji wa Kiswahili ana faida moja na hasara moja.

Faida ni kwamba lugha yetu hutofautisha mmoja na wengi. Katika Luka, Shetani amewataka "ninyi", lakini Yesu anamwombea "wewe", kisha anamwagiza awaimarishe ndugu zake. Katika Mathayo 16 funguo anapewa mmoja. Katika Mathayo 18:18 mamlaka ya kufunga na kufungua wanapewa wengi. Piga mstari chini ya kila kiwakilishi kabla ya kufungua kitabu cha ufafanuzi. Mkatoliki atakuonyesha kwamba funguo zenyewe hazitajwi katika sura ya 18, na atakupeleka Isaya 22:22, kwenye ufunguo wa nyumba ya Daudi. Mprotestanti atakujibu kwamba kufunga na kufungua ndiyo kazi ya funguo, na kazi hiyo wamepewa wote.

Hasara ni kwamba "Petro" na "mwamba" kwa Kiswahili hayafanani hata kidogo, na mchezo wa maneno umepotea. Kigiriki kina *Petros* na *petra*. Wengine hujenga hoja kwamba la kwanza ni kijiwe na la pili ni mwamba, hivyo mwamba si Petro. Hoja hiyo pekee ni dhaifu: *petra* ni neno la kike, halikufaa kuwa jina la mwanamume, na nyuma yake kuna jina la Kiaramu Kefa, linalotajwa katika Yohana 1:42, lenye umbo moja tu. Hoja yenye nguvu zaidi kwa wanaokataa ni kwamba mababa wa Kanisa wenyewe hawakukubaliana. Agostino, alipopitia upya maandishi yake uzeeni, alitaja tafsiri mbili, mwamba kuwa Petro na mwamba kuwa Kristo, akamwachia msomaji achague.

Soma pia Galatia 2:11-14, Paulo anapompinga Kefa uso kwa uso, na Matendo 15, ambako Petro anasema, kisha Yakobo anatoa uamuzi. Mafungu haya yanagusa uongozi wa Petro. Hayagusi sana kutokosea, kwa sababu huko Antiokia Petro alilaumiwa kwa mwenendo wake, si kwa fundisho alilotangaza.

Kutokosea si kutotenda dhambi

Hapa Kiswahili chenyewe hutuchezea. "Kosa", "kukosa" na "kukosea" vinakaa nyumba moja, hivyo anayesikia "Papa hakosei" anaelewa kwamba Papa hana dhambi. Hakuna hati ya Kanisa Katoliki inayosema hivyo. Orodha ya mapapa waovu, hata iwe ndefu namna gani, haigusi dai la tatu. Ukitaka kuligusa, tafuta papa aliyetangaza fundisho la uongo kwa masharti yaliyowekwa.

Masharti hayo yamo katika *Pastor aeternus*, katiba ya kidogma ya Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ya tarehe 18 Julai 1870. Siku hiyo kura 533 zilikubali na 2 zikakataa. Usiitumie hesabu hiyo peke yake, kwa kuwa katika kura ya majaribio ya tarehe 13 Julai 88 walikataa na 62 walikubali kwa masharti, na wengi wa wapinzani waliondoka Roma kabla ya kura ya mwisho. Masharti ni manne, na yote lazima yawepo pamoja: Papa anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, anatumia mamlaka yake kuu ya kitume, anatoa uamuzi wa mwisho, siyo nasaha, na jambo lenyewe ni la imani au maadili, la kushikwa na Kanisa zima.

Kupima hati iliyo mbele yako

Usianze na jina la hati. Waraka, wosia wa kitume, motu proprio (barua ambayo Papa huitoa kwa hiari yake mwenyewe), katiba ya kitume: majina haya yanaashiria uzito, hayauthibitishi. Fanya hivi.

Tafuta kwanza kitenzi cha uamuzi. Katika *Ineffabilis Deus* (8 Desemba 1854, Bikira Maria kukingiwa dhambi ya asili) na *Munificentissimus Deus* (1 Novemba 1950, Maria kupalizwa mbinguni) utakuta vitenzi vitatu vimepangwa pamoja, kimoja kikiwa *definimus*, yaani "tunatoa uamuzi wa mwisho". Uamuzi ni sentensi hiyo tu. Kurasa nyingi zinazoitangulia, pamoja na hoja zake za Maandiko na historia, hazibebi dhamana ile ile. Kosa la kawaida ni kunukuu aya ya utangulizi kana kwamba ndiyo tangazo.

Kama kitenzi hicho hakipo, angalia kanuni ya 749 §3 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983: fundisho halihesabiwi kuwa limetangazwa bila kukosea isipokuwa jambo hilo liwe dhahiri. Ukiwa na shaka, jibu ni hapana. *Humanae vitae* ya 1968, waraka wa Papa Paulo VI juu ya uzazi wa mpango, ni mfano. Ilipotolewa kwa waandishi wa habari, msemaji wake mwenyewe, Monsinyori Lambruschini, alieleza kwamba si tamko la kutokosea. Lakini usiruke upande wa pili ukasema basi ni maoni tu. *Lumen gentium*, katiba ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, namba 25 inadai utii wa kidini wa nia na akili hata kwa mafundisho ya kawaida ya Papa, na inataja vipimo vitatu vya uzito: aina ya hati, fundisho kurudiwa mara nyingi, na namna ya kusema.

Kuna kapu jingine ambalo wengi hulisahau. Maaskofu waliotawanyika duniani, wakiwa na umoja kati yao na Papa, wakikubaliana kwamba fundisho ni la kushikwa kwa uamuzi wa mwisho, hao pia husemwa kuwa hawakosei. Ndiyo sababu *Ordinatio sacerdotalis* ya 22 Mei 1994, juu ya upadri kwa wanaume pekee, inasumbua. Haina *definimus*, ila mwaka 1995 idara ya Vatikano ya mafundisho ya imani ilijibu kwamba fundisho lake limeshafundishwa bila kukosea kwa njia hiyo ya pili. Anayesema "ni *ex cathedra*", yaani tangazo la kutokosea la Papa mwenyewe, amekosea, na anayesema "litabadilika wakati wowote" hajalisoma jibu.

Mahubiri, mahojiano na salamu viache chini kabisa. Papa Yohane XXII alihubiri mwaka 1331 na 1332 kwamba roho za wenye haki hazimwoni Mungu uso kwa uso hadi hukumu ya mwisho. Akapingwa, akajirudi karibu na kifo chake mwaka 1334. Mrithi wake Benedikto XII alitangaza kinyume katika *Benedictus Deus*, 1336. Mpinzani wa Papa huuleta mkasa huu kama pigo la mwisho, na mtetezi huuleta kuonyesha tofauti ya mahubiri na tangazo. Kwa masharti ya 1870, mtetezi ana haki hapa.

Mkasa wa Honorius I, papa wa karne ya 7, ni mgumu zaidi. Barua zake kwa Patriarki Sergius wa Konstantinopoli, zilizokubali kwamba Kristo ana nia moja tu, zilimponza: Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli (680–681) ulimlaani kati ya wazushi, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, na Papa Leo II akauthibitisha mtaguso akimlaumu kwa kuacha imani ichafuliwe. Mtetezi husema barua hizo hazikuwa tangazo kwa Kanisa zima. Huenda ni kweli, lakini bado inabaki kwamba mtaguso mkuu uliona unaweza kumhukumu papa. Hilo linagusa ukuu wa Papa kuliko kutokosea kwake. Liandike kwenye mstari wake.

Historia: soma mtaguso mzima

Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ni jaribio zuri la uaminifu. Baada ya barua ya Papa Leo I kusomwa, maaskofu walipaza sauti kwamba Petro amesema kwa kinywa cha Leo. Mkatoliki huishia hapo. Mtaguso huo huo, katika kanuni ya 28, uliipa Konstantinopoli heshima sawa na ya Roma, ukisema mababa waliipa Roma heshima yake kwa kuwa ni mji wa kifalme. Morthodoksi huanzia hapo. Leo aliikataa kanuni hiyo. Ukinukuu kimoja, nukuu vyote vitatu: shangwe, kanuni, na kukataliwa kwake.

Vivyo hivyo kwa mababa. Ireneo, karibu mwaka 180, anasema kila kanisa lazima lipatane na Roma kwa ajili ya ukuu wake, ila Kigiriki cha fungu hilo kimepotea, tunacho Kilatini tu, na maana ya "lipatane" inabishaniwa. Sipriani wa Karthago ana matoleo mawili ya sura ya 4 ya kitabu chake juu ya umoja wa Kanisa, moja likitaja waziwazi ukuu wa Petro. Na mtu huyo huyo alimpinga vikali Papa Stefano juu ya ubatizo wa wazushi. Anayemnukuu Sipriani bila kusema ni toleo lipi, mwombe arudi kwenye ukurasa.

Dai la nne: "ni" na "linadumu katika"

Waraka *Mystici Corporis* wa 1943 ulilinganisha Mwili wa Fumbo wa Kristo na Kanisa Katoliki moja kwa moja. Rasimu ya awali ya *Lumen gentium* ilitumia *est*, "ni". Hati iliyopitishwa tarehe 21 Novemba 1964, namba 8, inasema Kanisa la Kristo *subsistit in*, yaani linadumu katika Kanisa Katoliki, na kwamba nje yake kuna vipengele vingi vya utakatifu na ukweli. Wengine waliona mlango umefunguliwa wote. *Dominus Iesus*, tamko la Vatikano la mwaka 2000, iliurudisha nusu: wenye maaskofu halali na Ekaristi halali, kama Waorthodoksi, ni makanisa ya kweli, jumuiya zisizo navyo si makanisa kwa maana kamili. Ufafanuzi wa 2007 ulisema neno *subsistit* halikubadili fundisho.

Juu ya wokovu, sentensi ya mwisho ya *Unam sanctam*, hati ya Papa Bonifasi VIII (1302), inasema ni lazima kwa wokovu kila mtu awe chini ya Papa wa Roma. Isome pamoja na *Lumen gentium* 14 na 16: anayejua kwamba Kanisa ni la lazima akakataa kuingia hawezi kuokoka, asiyejua bila kosa lake anaweza. Padri Leonard Feeney wa Boston alishikilia maana kali ya sentensi ile, akatengwa na Kanisa mwaka 1953 kwa kukaidi wito wa Roma. Kama sentensi ya 1302 imefafanuliwa tu au imegeuzwa ni swali halali, na hapo ndipo penye mjadala wa kweli kati ya wasomi.

Angalia pia mzunguko. "Kanisa hili ni la kweli kwa sababu Papa hakosei, na Papa hakosei kwa sababu Kanisa la kweli limesema hivyo" ni nyoka anayejimeza mkia. Mtetezi makini huvunja mzunguko kwa kuanzia na Maandiko na historia kama ushahidi wa kawaida. Lakini mzunguko huo hauko Roma pekee. Kanisa la Kiorthodoksi nalo hudai kuwa lile moja la Kanuni ya Imani, na yako makundi yanayojiita masalio au kanisa lililorejeshwa. Yaulize maswali yale yale.

Vya kutupa kabla hujaanza

Hati ya Zawadi ya Konstantino, inayodai kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa utawala wa Roma na magharibi, ni bandia. Lorenzo Valla alilionyesha hilo mwaka 1440 kwa kuchunguza Kilatini chake. Barua bandia za Isidori za karne ya 9, zilizobuniwa kana kwamba ziliandikwa na mapapa wa kwanza, nazo usizitumie kuthibitisha lolote la karne za kwanza. Upande wa pili, hotuba ndefu ya kupinga upapa inayosambazwa kama ya Askofu Strossmayer kwenye mtaguso wa 1870 ni ya kughushi, naye aliikana. *Vicarius Filii Dei* ("Makamu wa Mwana wa Mungu"), ambayo kwa hesabu ya herufi za Kirumi hutoa 112, 53 na 501, jumla 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, si cheo rasmi cha Papa. Maneno hayo yamo katika ile ile Zawadi ya Konstantino. Cheo rasmi ni *Vicarius Iesu Christi* ("Makamu wa Yesu Kristo"). Ukihesabu hicho kwa njia ile ile unapata 112, 6 na 102, jumla 220.