Kabla Hujamkabidhi Mgeni wa Miezi Mitatu Funguo za Nyumba

Nina apatimenti mbili Mikocheni, Dar es Salaam, na nazipangisha zikiwa na kila kitu ndani kwa watu wanaokuja mjini kikazi: madaktari wa mikataba mifupi, wahandisi, wakaguzi wa hesabu, watu wa miradi. Wanakaa mwezi mmoja hadi sita. Kodi yake inazidi ya mpangaji wa mwaka, lakini wengi wanaiingia biashara hii wakidhani sofa na televisheni vinatosha. Havitoshi. Kabla hujatangaza, zingatia haya.

Anza na godoro, maana aliyelala vibaya usiku wa kwanza kesho yake anatafuta kwingine. Weka neti, mashuka seti tatu kwa kila kitanda, mtungi wa gesi uliojaa, stebilaiza kwenye friji. Intaneti iwe imelipiwa kabla hajafika. Na tafuta meza ya kazi yenye kiti cha kukalia kutwa nzima. Meza ya chakula haifanyi kazi hiyo. Piga picha kila chumba, hesabu mpaka vijiko, kisha wote wawili mtie saini kwenye orodha.

Dalali elewana naye mapema. Amezoea kulipwa ujira wa kodi ya mwezi mmoja, na mgeni wa miezi mitatu akigoma kuilipa inakuangukia wewe: theluthi ya mapato yote. Kodi itaje kwa shilingi. Zamani Masaki na Oysterbay watu walizoea kutaja dola, lakini tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Anayelipa akiwa kampuni, ujue atakata kodi ya zuio asilimia 10, yaani kodi ya serikali anayoizuia na kuipeleka kwa niaba yako. Mmekubaliana milioni 1.5 kwa mwezi, benki itaingia 1,350,000. Hajakudhulumu, ila mdai hati ya zuio, utaihitaji Mamlaka ya Mapato (TRA).

Mpeleke serikali ya mtaa aandikishwe, na mjumbe amjue kwa sura. Akiwa raia wa nje, baki na nakala ya pasipoti na kibali chake.

Umeme usiujumlishe kwenye kodi. Unit moja ya matumizi ya nyumbani inapita shilingi 350, na mtu asiyejilipia huacha kiyoyozi kikinguruma chumba kitupu. Mpe namba ya mita anunue LUKU mwenyewe. Mweleze pia kwamba kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu 2021, na kwamba hiyo ni yako, utamrudishia. Usipomwambia, siku akiona pesa imemegwa atadhani unamwibia.

Sasa nakuomba hili ulisome taratibu, kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Mpangaji wa aina hii husafiri. Analipia mwezi mzima, halafu nusu yake yuko mikoani na nyumba imefungwa. Mimi sikuliwazia hilo. Mkataba wangu, niliouiga kwa jirani, ulisema mwenye nyumba haingii bila ruhusa ya mpangaji, basi. Nikampata mhandisi, kijana mstaarabu, kodi analipa kabla ya tarehe. Wiki moja maji yakakatika mtaani. Asubuhi ya safari yake ya Ruvuma alifungua bomba la sinki la bafuni, likatoa hewa tu, akaliacha wazi akaondoka. Ndani ya sinki alikuwa ameloweka soksi.

Usiku wa pili maji yalirudi. Mlinzi akawasha pampu kama kawaida yake, tenki la juu likajaa, bomba likaanza kumwaga. Soksi zilikuwa zimeziba tundu la sinki. Saa tano usiku mama wa chini akanipigia: "Dada, maji yanadondoka kwenye kitanda cha mtoto."

Nilipofika, maji yalikuwa yanapita chini ya mlango yakishuka ngazi. Funguo za akiba ninazo mkononi. Nampigia, hapatikani. Nikasimama pale naogopa: nikiingia, kesho akasema kompyuta yake imepotea, nitajibu nini? Mlinzi alizima pampu, lakini tenki lilikuwa limeshajaa, na koki ya kufunga maji ya nyumba ile ilikuwa ndani, nyuma ya kabati la jikoni. Nilipoteza karibu saa nzima nikibonyeza simu. Mwishoni nikamwita mjumbe, akaja amevaa msuli wake, tukafungua yeye na mama wa chini wakishuhudia. Maji yalifika vifundoni. Kabati la nguo lilikuwa limevimba chini kama andazi.

Nililipa dari ya jirani, godoro la mtoto, kabati na fundi. Dhamana niliyoshika ilikuwa nusu ya kodi ya mwezi. Kampuni yake ikasema hilo ni la mfanyakazi, mfanyakazi akasema maji ni ya mwenye nyumba, na mkataba wangu haukuwa na neno hata moja la kunitetea.

Kwa hiyo andika. Akilala nje ya nyumba zaidi ya usiku mmoja, akutumie ujumbe. Kukiwa na moto, maji, gesi au shoti ya umeme unaingia bila kusubiri ruhusa, ukiwa na shahidi, simu ikirekodi tangu mlangoni. Dhamana iwe ya mwezi mzima, na mkataba utaje nani analipa uharibifu, yeye au kampuni. Halafu ita fundi aihamishie koki nje, kwenye korido. Yangu ilichukua nusu siku tu. Mgeni mwonyeshe ilipo siku ya kwanza, na aifunge kila anaposafiri.

Yaliyobaki ni ya kuwa macho. Andika tarehe na saa ya kuondoka. Mradi wake ukiongezwa muda akuambie wiki mbili kabla, kwa sababu mgeni anayefuata ameshakata tiketi. Kubalianeni siku ya usafi na nani anaruhusiwa kulala hapo. Usifungie vitu vyako kwenye chumba kimoja cha nyumba hiyo. Barua ya kazi akikupa, pokea, halafu piga ofisini mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe. Na kabla ya kila mgeni mpya, ingia peke yako ufungue kila bomba, uwashe kila taa, unuse mtungi wa gesi, kisha ubadilishe kitasa.