Andika Ulichomwona Akifanya: Namna ya Kuandaa Wasifu wa Mtoto Anayesubiri Kuasiliwa

Binti mmoja alirudi kututembelea kwenye makao yetu ya watoto, nje kidogo ya Uyole, Mbeya, akiwa na miaka 19. Alikuwa amelelewa hapa mpaka akamaliza kidato cha nne, maana familia ya kumchukua haikupatikana. Tulikunywa chai, kisha akaomba aone jalada lake. Afisa ustawi wa jamii alikuwapo, akalitoa. Karatasi ya juu ilikuwa mwandiko wangu, ya wakati yule akiwa na miaka 6: “Mtoto huyu alitupwa na wazazi. Ni mpole, mnyonge, anahitaji sana huruma ya wasamaria wema.” Aliisoma mara mbili. Akaniuliza, “Mama, kwani nilikuwa sifanyi kitu kingine chochote?”

Alikuwa anafanya mengi. Kila usiku halali mpaka apite kitanda kwa kitanda, amtaje kila mtoto kwa jina na kumwambia lala salama, na asiyejibu humtikisa mpaka ajibu. Nililiona hilo kila siku na sikuliandika. Haya ninayowaeleza walezi wenzangu na maafisa ustawi wapya nimejifunza baada ya swali lile.

Kwanza ujue karatasi hiyo, yaani wasifu wa mtoto, inakwenda wapi. Mwombaji hupeleka ombi lake ustawi wa jamii, afisa hufika nyumbani kwake kuchunguza, mtoto hukaa kwanza na familia hiyo chini ya uangalizi, na mwisho wa yote amri ya kuasili, inayomfanya mtoto kuwa wa familia hiyo kisheria, hutolewa na Mahakama Kuu. Mahali fulani katikati ya safari hiyo watu hukaa mezani na kuulizana kama mtoto huyu na familia hii wataelewana. Mtoto mwenyewe mara nyingi hayupo mezani. Ipo karatasi yako. Nimewahi kuwapokea baba na mama walioletwa na karatasi ya huruma niliyoiandika mimi. Walikuwa watu wema, ila walikuja wakimtarajia mtoto wa kuwashukuru. Wiki ya tatu alipotupa sahani kwa hasira, walimrudisha. Kosa lilikuwa langu, sikuwaambia wanamchukua nani.

Kwa hiyo usianzie ofisini. Chukua daftari dogo, kaa na mtoto wiki mbili kabla ya kuandika wasifu. Kumwita na kumkalisha kitini hakukusaidii, atakujibu “ndiyo” na “hapana” tu. Kaa naye mnapomenya viazi, mnapofua, kwenye foleni ya kuoga asubuhi ya Juni wakati maji yana baridi ya kukata vidole. Andika alichofanya, tarehe na saa. Sifa usiandike bado.

Kuna kijana wa miaka 8 aliletwa kwetu na maelezo ya maneno mawili: “Mharibifu. Haambiliki.” Kweli wiki ya kwanza alifungua redio ya jikoni ikabaki vipande. Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko, ndala za watoto wadogo amezipanga mbele yake. Moja kamba yake ilikuwa imechomoka. Aliirudisha tunduni, akaikaza kwa kipande cha waya, akaikunja ncha ya waya kwa jiwe. Halafu akapitisha kidole gumba chini ya ndala, polepole, kutoka kisigino hadi mbele, kutafuta kama kuna kitakachochoma. Akagonga tena kidogo. Akapapasa tena. Ndipo akachukua nyingine.

Ningeweza kuandika “ana kipaji cha ufundi” nikaona nimemaliza. Lakini kile kidole gumba kilikuwa kinasema jambo kubwa kuliko ufundi: anamfikiria atakayeivaa. Nikaandika hivi: “Hutengeneza ndala za wadogo zake kwa waya, na kabla ya kuwarudishia hupapasa kwa kidole kuona kama kuna ncha itakayowachoma. Amefungua redio ya jikoni. Skrubu zake zote tulizikuta amezitunza kwenye kifuniko cha chupa.” Mwombaji alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu zile ndala.

Hiyo ndiyo njia yenyewe. Neno la sifa likikujia, jiulize uliona nini mpaka ukalifikiria, kisha uandike hicho ulichoona. Niko makini zaidi na neno “mpole”. Kwetu huku upole ni sifa kubwa, tunaupenda kwa watoto, na kwa sababu hiyo tunamwandika mpole hata mtoto aliyenyamaza kwa hofu. Ukiona ananyamaza, andika ananyamaza wakati gani na mbele ya nani. Na maneno kama “aliokotwa” au “yatima” yasiwe sentensi ya kwanza. Historia yake ina sehemu yake ndani ya jalada, iandikwe kwa ukweli na heshima.

Waulize na wengine: mpishi, mlinzi wa getini, mwalimu wake, mtoto anayelala kitanda cha pili. Mpishi wetu akiulizwa atasema, “Huyu ana roho nzuri.” Usiondoke. Mwambie, “Dada, umeona nini?” Hapo ndipo atakwambia kwamba siku ya kande mtoto yule huja jikoni kuuliza kama mlinzi ameshawekewa.

Kisha muulize mtoto mwenyewe. Usimwulize akikua anataka kuwa nani, wote watakujibu daktari na rubani. Mimi huuliza: “Kitu gani unakijua vizuri, unaweza kumfundisha mwenzako?” na “Ukikasirika, nani anajua kukutuliza, na hufanyaje?” Nikimaliza kuandika, namsomea. Akisema sentensi fulani haitaki, naiondoa.

Wapo wanaodhani kuandika uwezo wa mtoto maana yake ni kuficha yanayomsumbua. Hapana. Yule fundi wetu wa ndala alikuwa anaficha viazi vya kuchemsha chini ya godoro mpaka vinaoza. Nilisita, kisha nikaandika: “Huficha chakula anapolala, kwa kuwa amewahi kulala njaa siku nyingi. Tukimwonyesha kiporo kilichobaki jikoni kabla ya kulala, hafichi.” Mzazi akisoma hivyo anajua kitakachotokea usiku wa kwanza na anajua la kufanya. Kila ugumu uandike pamoja na wakati unaotokea na kinachosaidia. Kama bado hamjapata kinachosaidia, sema bado mnatafuta.

Lakini si kila jambo ni la karatasi hii. Mtoto wa miaka 10 anayekojoa kitandani asitangazwe kwa kila atakayeshika jalada. Afisa atamweleza mwombaji ana kwa ana wakati ukifika. Afya ndiyo nzito zaidi. Mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo swali hilo litaulizwa, tena mapema. Ipo sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya mtu kuhusu hali yake, na mtoto naye ni mtu. Majibu hayo yapitie kwa afisa ustawi na daktari, kwa mwombaji aliyefika hatua ya kuyahitaji. Usiweke hata maneno ya mafumbo kama “anatumia dawa kila siku”. Kila mtu huku anajua maana yake.

Sehemu ninayoona tunairuka mno ni ukoo na lugha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Haki hiyo inaanza kwenye vitu vidogo unavyoviona wewe. Tulikuwa na mdogo kutoka Kilolo ambaye akiamshwa asubuhi, kabla macho hayajafunguka vizuri, husema “kamwene”, salamu ya Kihehe. Niliiandika, pamoja na wimbo aliokuwa akiimba kwa Kihehe akimbembeleza mwanasesere wa matambara. Baada ya miezi michache kwenye nyumba ya Kiswahili kitupu maneno hayo yangepotea, na hakuna ambaye angejua kwamba aliwahi kuwa nayo. Kama ana ndugu, iwe kwenye makao mengine au kwa bibi, andika wako wapi na mara ya mwisho walionana lini.

Kuhusu picha: Marekani watoto wanaosubiri familia huwekwa kwenye tovuti, picha na jina la kwanza, watu wawaone. Kwetu usifanye hivyo. Usiutume wasifu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la kikoba, hata kwa nia njema. Taarifa za mtoto zinalindwa, na tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Karatasi ikae kwenye jalada, na ipite mikononi mwa wanaohusika.

Ukurasa mmoja unatosha. Weka tarehe, na kila baada ya miezi 6 uandike upya, maana mtoto wa Januari siye wa Julai.

Karatasi ya yule binti niliiandika upya siku ileile, yeye amekaa pembeni yangu. Niliandika kwamba usiku alikuwa akipita vitanda 9 kuaga. Akanishika mkono. “Mama, vilikuwa 11. Umewasahau wawili wa kule mlangoni.” Akawataja majina.