Kumkalisha Mtoto Garini, Kutoka Nakuru hadi Kisumu

Katika safari ya Nakuru kwenda Kisumu, mtoto mchanga mara nyingi hupakatwa na mama kwenye kiti cha mbele, kwa imani kwamba hakuna mahali palipo salama kuliko mikononi mwa mzazi. Hesabu inakataa. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa magunia mawili ya mahindi ya kilo 90, na hakuna mikono ya kuzuia mzigo huo. Wala usijifunge naye ndani ya mkanda mmoja, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana.

Mtoto anahitaji kiti chake mwenyewe, kifungwe nyuma. Hadi atimize angalau miezi 15, na ikiwezekana hata zaidi, akae akitazama nyuma ya gari, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado ni laini; akikaa hivyo, kishindo hupokewa na mgongo wote badala ya shingo peke yake. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi, maana ukifumuka unaweza kumuua.

Viti vipya ni ghali, na wengi wetu hununua mitumba. Si kosa, ila kagua vizuri: tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara na namba ya kiwango cha usalama wa viti vya watoto, yaani R129, au R44 ambayo namba yake ya idhini inaanza na 03 au 04. Kama kibandiko hakipo, plastiki ina ufa, au muuzaji hajui iwapo kiti kilikuwa ndani ya gari lililopata ajali, kiache hata bei ikiwa tamu.

Ukishapitisha mkanda wa gari katika njia zilizoonyeshwa kwenye kiti, kikandamize kwa goti huku ukiukaza, kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya. Mikanda ya mtoto nayo ibane kiasi kwamba huwezi kuifinya ikakunjika begani. Hapa ndipo baridi ya Mau Summit hutuponza, kwa kuwa jaketi nene huacha nafasi isiyoonekana chini ya mikanda. Mvue jaketi, mfunge, ndipo umfunike blanketi kwa juu.

Mtoto mkubwa aendelee kutumia kiti cha kumwinua hadi afikie sentimita 150 hivi, mkanda ukipita katikati ya bega na juu ya nyonga, si tumboni.

Kwenye matatu, mlipie mtoto nafasi yake yenye mkanda, hata makanga akikushangaa, na ukatae ubao unaowekwa kati ya viti. Kama una kiti chake na mkanda wa matatu unakitosha, kifunge humo.

Ukisimama Ahero kununua mchele, shuka naye, hata kama amelala na ni dakika tano tu, kwa sababu gari lililoegeshwa juani hupata joto haraka na kufungua kioo kidogo hakusaidii.