Malenge na gereji: onyo kwa mliotoka Nairobi

Naandika nikiwa likizoni, sebuleni kwa shangazi, Umoja. Chini ya meza yake kuna malenge matatu aliyonunua Marikiti mwezi jana, hayana habari. Ndiyo maana hanielewi nikimwambia nilitupa kumi na mawili kule Minneapolis, Marekani. "Si ungeyaweka tu mahali penye baridi?" Niliyaweka, shangazi, gerejini, chumba cha kuegeshea gari. Ndipo nilipoumia.

Baridi yetu, hata ya Julai, kwa kawaida hufika nyuzi 10 hivi usiku. Ya kule haina mwisho. Malenge yakikaa chini ya nyuzi 10 huumia ndani huku ganda likimeremeta. Yangu hayakuozea gerejini. Yalisubiri niyaingize ndani, siku chache yakawa maji juu ya zulia, na mwenye nyumba akakata pesa ya zulia kwenye dipoziti yangu.

Basi nasema tena: si gerejini. Si kwenye friji. Si kwenye balkoni "kwa usiku mmoja tu". Tafuta kabati pakavu, mbali na hita, penye nyuzi 10 hadi 13. Vipimajoto vyao, vya Fahrenheit, husoma 50 hadi 55 kwa joto hilohilo, usije ukachanganyikiwa. Karibu na hita nako hukauka yakawa nyuzinyuzi.

Mengine ni ya kawaida: acha kikonyo, usiyaoshe, usiyapange moja juu ya jingine, yaweke mbali na matofaa. Yale yenye umbo la shingo hukaa miezi miwili mitatu. Madogo ya kijani yenye mifereji, kula mapema. Na wewe binamu uliyekata vikonyo ili boksi lifunge, hapo ulipokata ndipo uozo huingilia. Sikugombezi, nakwambia tu.

Usidanganyike pia na yale makubwa ya Halloween, sherehe yao ya mwisho wa Oktoba. Wenzetu huyachonga sura, huwasha mshumaa ndani, kisha huyaacha mlangoni yakinywea. Mara ya kwanza nilisimama nikitazama mtaa mzima wa chakula, nikamkumbuka nyanya. Lakini ni ya majimaji, hayana utamu. Novemba yakishushwa bei, pita.

Shangazi amenisikiliza hadi hapa, kisha akauliza kwa nini sikuyachemsha yote, nikayaponda, nikayagandisha. Friza nilikuwa nayo. Ilikuwa imejaa aiskrimu.